TIN ya leseni ya udereva: hii tovuti inayodai 35,000 ni ya serikali au tunapigwa?

#1 Dereva Mtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza chuo cha udereva, sasa anafuatilia leseni, kaambiwa lazima awe na TIN, namba ya mlipakodi. Kaingia mtandaoni kaandika "kuomba TIN", ya kwanza kabisa kutokea juu ni tovuti yenye bendera ya taifa, nembo ya Bibi na Bwana, na picha ya jengo la serikali. Fomu imenyooka: majina matatu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), jina la mama, simu, barua pepe. Ukifika mwisho inakwambia ulipie 35,000, "ada ya uchakataji", kwa namba ya simu ya kawaida, halafu usubiri saa 24.

Mimi yangu niliichukua zamani kwa foleni na sikumbuki kutoa hata mia. Utaratibu umebadilika au ndiyo tunapigwa? Hela hajatuma, ila fomu keshajaza yote.

#2 Ngosha Mtulivu
Mnapigwa. TIN ni bure. Uzi ufungwe.

#3 Kahawa Chungu
Ngoja waje wenye steshenari zao. Nipo pale nimekaa.

#4 Mama Ankara
Mkuu, TIN haijawahi kulipiwa TRA, mamlaka ya mapato. Ya biashara bure, isiyo ya biashara bure. Hiyo ya leseni ni isiyo ya biashara. Unaingia kwenye mfumo wa TRA wenyewe, unaweka namba ya NIDA, mfumo unavuta taarifa zako, unapata namba yako ya tarakimu 9. Ukishindwa, nenda ofisi yoyote ya TRA na NIDA yako mkononi.

Kinacholipiwa ni leseni yenyewe, 70,000 kwa miaka 5. Watu wengi wanachanganya hapo. Wakisikia "leseni inalipiwa" wanadhani kila hatua ya njiani ina bei, na matapeli wanakaa humo humo.

#5 Mzee wa Kwa Mtogole
Leseni si ni 40,000?

#6 Mama Ankara
@Mzee wa Kwa Mtogole hiyo ni ya zamani, kipindi leseni inaisha baada ya miaka 3. Yako itakuwa imeisha muda, baba.

#7 Mzee wa Kwa Mtogole
Naendesha baiskeli siku hizi. Trafiki hawanioni.

#8 Steshenari ya Kona
Kahawa Chungu, nimekuja. Tena nimekuja na hasira.

Mimi nina steshenari jirani na ofisi moja ya TRA mkoani. Kujaza TIN natoza 5,000, ukitaka nikuchapie cheti naongeza 500. Sijifichi. Nalipa pango, umeme, bando, na kijana anayekaa pale toka saa moja asubuhi. Anakuja mtu hajui barua pepe yake, hajui paswedi, NIDA ameiacha nyumbani anampigia mkewe amsomee tarakimu 20 moja moja. Mfumo ukilala tunausubiri wote. Hiyo kazi mnataka niifanye kwa upendo? TIN ni bure, mikono yangu siyo bure. Muuza chai hakupi maji bure kwa sababu kisima ni cha kijiji.

Tofauti yangu na hiyo tovuti: mimi sijaweka bendera wala Bibi na Bwana. Ukutani nimeandika "tunajaza fomu". Basi.

#9 Binti Sabasaba
@Steshenari ya Kona swali moja tu, na ulijibu kwa ukweli. Mteja akikupa 5,000 huwa unamwambia kwamba TRA hawatozi?

#10 Steshenari ya Kona
Akiniuliza namwambia.

#11 Binti Sabasaba
Na asipouliza?

#12 Kahawa Chungu
Kimyaaa. Kijana toka saa moja asubuhi kaenda kunywa chai.

#13 Fundi Simu Makumbusho
Mnajadili 35,000 kama ndiyo hasara. Someni tena #1. Dogo KESHAJAZA FOMU. Majina, NIDA, jina la mama, simu, barua pepe. Kwa mawazo yangu hiyo tovuti ilishapata ilichokuwa inakitaka kabla ya kufika kwenye malipo. Hela ni nyongeza tu.

Hapa kibandani naletewa simu kila wiki za watu wanaodaiwa mikopo ambayo hawakukopa. Benki Kuu (BoT) mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Taarifa za watu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye fomu kama hizi.

Mwambie apige *106# leo leo aone namba yake ya NIDA imesajili laini ngapi. Akiona laini asiyoijua aende kwenye duka la mtandao husika aifute.

#14 Ngosha Mtulivu
@Fundi Simu laini haisajiliwi kwa namba ya NIDA tupu. Toka 2020 ni alama za vidole. Usitishe watu.

#15 Fundi Simu Makumbusho
@Ngosha Mtulivu nakubali ni vidole. Sasa kaa na wakala wa laini kwenye meza yake uone. "Weka kidole, haijasoma, weka tena, haijasoma, badilisha kidole." Kila kidole ni laini yake. Mwenye jina na NIDA yako akikupigia simu anakuita kwa majina yako matatu na jina la mama yako, utamwamini. Hapo ndipo fomu inapofanya kazi.

#16 Dereva Mtarajiwa
Amepiga *106#. Zimetoka laini zake mbili anazozijua na moja ya mama, ambayo alimsajilia mwenyewe. Asante Fundi.

#17 Wakili Mtandao
Habari wakuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake, PDPC. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na aseme anazikusanya kwa kazi gani. Kujifanya taasisi ya serikali mtandaoni ili upate hela ni kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kwa hiyo sheria zipo mbili, siyo moja. Hifadhi picha za skrini, hifadhi anwani kamili ya tovuti na ile namba ya kulipia, upeleke polisi kitengo cha makosa ya mtandao.

#18 Kahawa Chungu
Polisi wakuulize "umeibiwa shilingi ngapi?" useme "sijaibiwa ila karibu niibiwe." Hahaha. Watakuuliza kama una TIN.

#19 Mjomba wa Reading
Salaam kutoka Uingereza. Mnajisema wenyewe kama vile ni ugonjwa wa Bongo. Huku ulikuwepo, tena mkubwa. Kulikuwa na kundi lililotengeneza tovuti zinazofanana na za serikali: za pasi, leseni za udereva, vyeti vya kuzaliwa na kifo, hata ada ya kuingiza gari katikati ya London. Mtu anatoa pauni kadhaa juu ya ada halali, au analipia kitu ambacho ni bure. Wateja waliumizwa jumla ya kama pauni milioni 37. Watu sita walihukumiwa mwaka 2018, vifungo vyao kwa pamoja vikazidi miaka 35.

Na hawakujificha kwenye kibanda. Walikuwa na kampuni na ofisi.

Mpaka leo kuna kadi ya afya ya kusafiria Ulaya, inatolewa bure, na bado utakuta tovuti inakutoza kwa "kukusaidia kuhakiki fomu".

#20 Ngosha Mtulivu
Wenzetu wamefungwa. Hapa nani kafungwa?

#21 Houston Mswahili
Nyongeza kwa mjomba. Marekani kulikuwa na kampuni yenye tovuti lukuki, majina yake yanafanana na ofisi ya leseni za udereva. Unatoa kadi yako ukijua unahuisha leseni, unaletewa faili la PDF lenye maelezo ya jinsi ya kwenda kuhuisha leseni! Tume ya biashara ya huku, FTC, iliwashtaki 2019 na korti ikaamuru zaidi ya dola milioni 100. Utetezi wao mmojawapo: chini ya ukurasa tuliandika kwamba sisi siyo serikali. Kwa herufi ndogo, bila shaka.

@Dereva Mtarajiwa hebu shuka chini kabisa ya hiyo tovuti uangalie.

#22 Dereva Mtarajiwa
Nimeshuka. Ipo! Rangi ya kijivu juu ya nyeupe, kwa Kiingereza: wanasema wao ni watoa huduma binafsi na hawahusiani na taasisi yoyote ya serikali. Juu Kiswahili kitupu, chini kule Kiingereza.

#23 Wakili Mtandao
Duh. Hapo wamekula darasa. Ushahidi wa kujifanya taasisi unakuwa mgumu kidogo, ingawa bendera na nembo ya taifa bado ni tatizo kwao. Nembo haitumiki hovyo.

#24 Steshenari ya Kona
Sasa mnaona. Kwa hiyo na wao wamesema "tunajaza fomu" kama mimi. Wakili, mimi na wao tuna tofauti gani kisheria?

#25 Wakili Mtandao
Wewe una mlango. Mteja akidhulumiwa anarudi kukugombeza.

#26 Binti Sabasaba
Na 5,000 siyo 35,000. Na bado hujajibu #11.

#27 Mwalimu wa Kompyuta Singida
Wanafunzi wangu nawafundisha kitu kimoja tu: angalieni mwisho wa anwani. Ikiishia na .tz ni ya Tanzania, iko salama.

#28 Kijana wa Seva
@Mwalimu wa Kompyuta Singida hapana mwalimu, hapo utawaponza watoto. .co.tz au .or.tz naweza kununua mimi leo kwa wakala wa majina ya tovuti, nikaandika nitakacho. Ya serikali ni .go.tz peke yake, na haiuzwi kwa mtu binafsi.

Halafu anwani isomwe kutoka kulia, na uanzie kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti. Mjanja anaandika "go.tz" katikati halafu mwisho kabisa inakaa .com au .info. Mwingine anatumia kistari badala ya nukta. Macho yakikimbia yanaona go.tz tu. Na ile kufuli ndogo pembeni haina maana kwamba ni serikali, inaonyesha tu mawasiliano yamefungwa yasisomwe njiani. Tapeli naye anapata kufuli, bure.

#29 Mwalimu wa Kompyuta Singida
Nimepokea. Kesho nairudia na kidato cha tatu.

#30 Mama Ankara
Mimi kwenye malipo nina kipimo changu: kontroo namba. Malipo ya serikali yanapita GePG, mfumo wake wa kukusanya malipo, namba ina tarakimu 12 inaanzia na 99. Ukiiingiza kwenye simu inakuletea jina la taasisi na kiasi kabla hujaweka namba ya siri. Ukiambiwa tuma kwa namba ya mtu, simama hapo hapo. Na kwa kuwa TIN ni bure, kontroo namba ya TIN haipo kabisa. Hakuna kitu cha kulipia.

#31 Kijana wa Seva
Kipimo kizuri ila kina tundu. Kwa huduma ambazo kweli zinalipiwa, kishoka anachukua kontroo namba halali, anakuonyesha, halafu anakuongezea na yake juu. Pasipoti ni 150,000, unasikia mtu kalipa 250,000 na ankara ya kweli anayo. Kwenye zile za bure kipimo chako hakina shida.

#32 Otieno wa Rongai
Hamjambo majirani. Hapa Kenya PIN ya KRA, mamlaka yetu ya kodi, pia ni bure kwa mfumo wao wa iTax, lakini ukiingia sayba (duka la intaneti) unaachana na mia mbili, mia tatu. Sisi hatuiti utapeli, tunaita "kusaidiwa." Kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, malipo yote yanaenda Paybill moja, 222222, tangu 2023, kwa hivyo ukiona till (namba ya kulipia) ya mtu binafsi unajua ni njama. Cheti cha maadili mema cha polisi ni 1,050 za huku. Ile hamsini ya juu ndiyo "ada ya urahisi", na hiyo imetupeleka hadi mahakamani. Kwa hivyo nawauliza: gava yenyewe ikikutoza hamsini kwa urahisi, hiyo tovuti yenu ikikutoza 35,000 kwa urahisi, mpaka uko wapi?

#33 Kahawa Chungu
Karibu jirani. Hatimaye mtetezi wa Steshenari kapatikana ng'ambo ya Namanga.

#34 Ngosha Mtulivu
Otieno, mpaka uko kwenye hesabu. Hamsini inaingia hazina, hata kama unainung'unikia. 35,000 inaingia mfukoni kwa mtu usiyemjua.

#35 Otieno wa Rongai
Na wewe una hakika hiyo hamsini inaingia wapi? Mimi sina, na mimi ndiye ninayeilipa.

#36 Mtu wa Forodhani
Assalaam aleikum. Mimi napokea wageni Unguja, naomba niwaambieni kwamba hawa watu pesa yao kubwa hawaitafuti kwenu. Wanaitafuta kwa mtalii. Viza ya Tanzania kwenye mfumo wa Uhamiaji ni dola 50 kwa wengi, Mmarekani 100. Mgeni anakuja kanionyesha karatasi, kalipa karibu mara mbili, na viza aliyonayo ni ile ile ya serikali, wamemwombea tu. Hao ndio afadhali. Yupo wa pili kalipa, karatasi haikuja, kafika uwanja wa ndege akalipa tena.

Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar ana bima ya lazima ya dola 44. Bima hiyo nayo ishazaa tovuti zake za pembeni.

Kenya pia mna yenu @Otieno, ile idhini ya kusafiri ya eTA mlioanza Januari 2024. Ada ni dola 30 na kitu, lakini wageni wangu wanaopitia Nairobi wananambia wamelipa 70, 90. Mzungu wa watu hajui ipi ndiyo ya serikali. Zote zina picha ya simba.

#37 Otieno wa Rongai
Hiyo ya simba umenimaliza.

#38 Houston Mswahili
Kwa walio Bongo wanaocheza bahati nasibu ya Green Card (kibali cha kuishi Marekani), kaeni chonjo. Miaka yote kuingia ilikuwa bure, na kulikuwa na tovuti zinatoza dola 50 na zaidi "kuongeza nafasi yako ya kushinda." Hakuna mwenye uwezo wa kuongeza nafasi. Mwaka 2025 serikali ya huku imeweka ada yake ya dola 1. Moja. Sasa matapeli wamepata la kusema: "si mmesikia inalipiwa?" Na hakuna barua pepe inayokuja kukwambia umeshinda, unaangalia mwenyewe kwa namba uliyopewa siku ya kuomba, kwenye tovuti inayoishia .gov.

#39 Mzee wa Kwa Mtogole
Mimi nilishinda mara tatu mwaka mmoja. Zote waliniambia kwa barua pepe.

#40 Kahawa Chungu
Mzee una bahati, na baiskeli yako.

#41 Mpiga Matangazo
Nafanya matangazo ya mtandaoni, niseme kidogo kuhusu kwa nini inatokea ya kwanza. Wengi mnadhani Google wanaiweka juu kwa sababu ni ya kweli. Juu kabisa panauzwa. Tazameni neno dogo linaloonyesha kwamba limefadhiliwa. Google toka 2020 wana kanuni inayozuia matangazo ya kuuza nyaraka za serikali kama mtangazaji siyo serikali yenyewe au aliyeruhusiwa. Lakini mtu anafungua akaunti, tangazo linakaa kidogo, linafungiwa, anafungua nyingine kwa kadi nyingine.

Ila nimeiangalia ya mtoa uzi, haijalipiwa. Ipo juu yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu wameandika kurasa nyingi kwa Kiswahili chepesi kabisa: "jinsi ya kupata TIN kwa simu", "TIN ya leseni", "TIN imepotea nifanyeje". Yaani maswali yenyewe kama mtu anavyoyaandika. Ukienda tovuti nyingi za serikali unakuta picha za uzinduzi, hotuba, mgeni rasmi anakata utepe, na kile kitu unachokitafuta kipo kwenye PDF iliyopigwa picha kwa skana. Google haiwezi kuisoma, na wewe huwezi. Matapeli hawajawashinda kwa uongo, wamewashinda kwa kujibu swali.

#42 Binti Sabasaba
Hii #41 ndiyo ya kwanza humu kunishawishi.

#43 Afisa Asiyetajwa
Nafanya kazi serikalini, kwenye mifumo. Naona tunasemwa kirahisi. Toka Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na kuanzishwa kwa e-GA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, mambo mengi yameunganishwa. Leo mfumo unavuta taarifa NIDA, miaka michache nyuma ulikuwa unabeba bahasha ya vivuli. Matangazo ya kuwaonya watu yanatolewa kila mara: Sekretarieti ya Ajira inarudia kwamba kuomba kazi kwenye Ajira Portal hakuna malipo, RITA wa vyeti vya kuzaliwa wanasema, TRA wanasema. Hayasomwi. Mtu yuko radhi atoe 35,000 kuliko kusoma ukurasa mmoja.

#44 Ngosha Mtulivu
Kweli tupu. Uvivu wetu.

#45 Mama Ankara
@Afisa Asiyetajwa kwa heshima zote, mkuu. Mfumo unapokataa mtu anafanyeje? Binti yangu alikuwa anaomba mkopo wa chuo. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, kisha aingize Bodi ya Mikopo, ada ya maombi 30,000, sawa, hiyo ni halali na tulilipa kwa kontroo namba. Jina la kati kwenye cheti limeandikwa "Saidi", kwenye matokeo ya kidato cha nne "Said". Mfumo unasema hapana. Tunapiga simu haipokelewi, ikipokelewa tunaambiwa tutume barua pepe. Siku ya mwisho inakaribia. Kijana mmoja mtandaoni akasema nipeni elfu ishirini narekebisha. Nilimkatalia, nikapanda basi mpaka ofisini. Lakini siyo kila mama ana nauli. Huyo asiye na nauli ukimwita mvivu unamwonea.

#46 Fundi Simu Makumbusho
Na huyo kijana wa elfu ishirini angerekebisha VIPI kama hana mtu ndani? Hapo ndipo mimi nashindwa kuelewa. Ama alikuwa mwongo, ama kuna mtu ofisini.

#47 Afisa Asiyetajwa
Usiseme "kuna mtu ofisini" bila ushahidi.

#48 Fundi Simu Makumbusho
Nimesema ama. Nimeweka mbili. Umeichagua wewe.

#49 Kahawa Chungu
Aaaah, Fundi! Naomba kiti cha mbele.

#50 Kijana wa Seva
Kuna njia ya tatu, siyo mwongo wala mtu wa ndani. Wengi wa hao vijana wanajua tu kinachofanyika: wanajua barua inayotakiwa, hati ya kiapo ya majina, nani anaigonga muhuri, anaipakia wapi. Wanauza ujuzi wa njia. Ni Steshenari ya Kona huyo huyo, kahamia mtandaoni.

#51 Steshenari ya Kona
Asante. Nimesubiri toka #8 mtu aseme hivyo.

Halafu Binti Sabasaba, nakujibu #11. Asipouliza simwambii. Nikimwambia ni bure anakwenda dirishani TRA, anakuta foleni, anarudi kwangu saa nane mchana amenuna, ananipa ile ile 5,000. Nilishajaribu. Sasa nimebandika karatasi mlangoni: "TIN ni bure TRA, hapa unalipia kujaziwa." Unajua kilichotokea? Wateja hawakupungua. Wanaisoma, wanacheka, wanaingia.

#52 Binti Sabasaba
Karatasi umebandika lini?

#53 Steshenari ya Kona
Jana.

#54 Kahawa Chungu
HAHAHAHA. Baada ya #26!

#55 Mfanyabiashara wa Kariakoo
Jambo moja mmeliruka. TIN ya kweli inawatisha watu. Mtu anajua akienda TRA kuchukua ya biashara atakadiriwa kodi pale pale. Tovuti inamwambia "pata TIN bila kwenda ofisini", anasikia "bila kuonekana." Analipa ili asionekane, na wakati mauzo yake hayafiki hata milioni 4 kwa mwaka, angekwenda asingedaiwa kodi ya mapato. Hofu ndiyo inanunua hiyo huduma.

#56 Mama Ankara
Mkuu wa Kariakoo, hiyo ni ya biashara. Dogo anataka leseni ya udereva. Lakini kwa wengi naamini upo sahihi.

#57 Dereva Mtarajiwa
Wakuu mrejesho. Dogo ameingia kwenye mfumo wa TRA wenyewe, .go.tz, nimesoma kutoka kulia kama alivyosema Kijana wa Seva. TIN imetoka, hajalipa kitu. Ile tovuti imemtumia ujumbe kwamba "ombi lako litafutwa usipokamilisha malipo", tumeufowadi 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Leo asubuhi kapigiwa simu na "afisa" anayejua majina yake matatu, akamwambia TIN yake ina tatizo. Amekata. Fundi Simu, ulisema.

#58 Fundi Simu Makumbusho
Watapiga tena. Wanabadilisha namba. Na wakikosa kwake watampigia mama, jina lake wanalo.

#59 Ngosha Mtulivu
Hii sasa inatisha kidogo.

#60 Mtu wa Forodhani
Mwambieni mama mapema, kabla hawajampigia.

#61 Mzee wa Kwa Mtogole
Mnahangaika na tovuti. Mimi juzi nimekwenda kuchukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa, nimeambiwa elfu tano ya muhuri. Hii nayo siyo tovuti feki?

#62 Wakili Mtandao
Barua ya mtaa ni bure, mzee.

#63 Mjumbe Mstaafu
Bure kwa nani? Nimekuwa mjumbe miaka mingi. Karatasi nanunua mwenyewe, wino nanunua mwenyewe, mshahara sina. Mnagongewa mlango saa nne usiku kuandikiwa barua ya dhamana ya mtoto wenu aliyekamatwa, mnasema bure.

#64 Steshenari ya Kona
Karibu sana mjumbe. Kaa hapa karibu yangu.

#65 Binti Sabasaba
Mjumbe, na wewe huwa unawaambia kwamba ni bure?

#66 Mjumbe Mstaafu
Binti, mtaa gani wewe?

#67 Kahawa Chungu
Binti usimjibu. Ataitaka na namba ya NIDA.